Bosi Anataka Sababu Moja

Ukitoka kwenye lango la kiwanda cha sabuni ukavuka barabara, huna haja ya kwenda mbali. Pale pale kwenye kona, ukutani kwa duka la fundi cherehani, kuna benchi ambalo si benchi. Ni bamba la chuma, refu na zito, limelazwa juu ya marundo mawili ya mawe. Lina vinundu mgongo mzima, na kila pembe ina tundu la kupitisha vidole. Watu hulikalia kwa gunia, maana ukilikalia bila gunia utarudi nyumbani na chapa za vinundu mahali ambapo huwezi kumwonyesha mtu. Mbele yake kuna jiko la Mama Birika, mjane anayeuza kahawa na asiyependa maneno mengi. Na juu ya bamba, kila jioni, wako wale wale: Jaji, ambaye hajawahi kuwa jaji ila alikuwa tarishi wa mahakama mpaka akastaafu na sheria zikabaki naye, Kipimo, fundi cherehani mwenyewe, utepe shingoni hata siku ya mapumziko, na Daktari, ambaye ni kinyozi. Jioni ya kisa hiki akaja pia wa nne wao, msimamizi wa kiwanda, mtu wa dini na mwenye haya, anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kijiweni wanamwita Toba.

Toba alikaa bila kusalimia. Kisha akasema Mungu amsamehe kwa kukaa bila kusalimia, akasimama, akasalimia, akakaa upya.

— Shikamoo, Jaji.

— Marahaba. Mgonjwa anaendeleaje?

— Wamemfunga plasta mguu mzima. Umevunjika chini ya goti.

— Pole sana, akasema Kipimo. — Wa kulia au wa kushoto?

— Wa kulia.

— Nilijua tu, akasema Kipimo, ingawa hakuna aliyemwona akijua.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa shemeji yake Toba, mdogo wa mkewe, kijana wa kubeba maboksi, mpole, asiye na makuu. Jana yake asubuhi alikuwa ameshika boksi la sabuni kifuani akielekea stoo, akaanguka kwenye mfereji unaokata sakafu ya kiwanda katikati. Ni mfereji wa kupitisha maji machafu ya moto kutoka kwenye mapipa ya kupikia. Bahati nzuri maji yalikuwa yameshapoa. Bahati mbaya mguu haukuwa na habari hiyo, ukavunjika.

Sasa Toba alikuwa amebanwa pande mbili. Upande mmoja ni bosi, ambaye alimwita ofisini akamwambia: "Kesho asubuhi niletee sababu. Moja. Sitaki hadithi. Kama ni uzembe wake, sema ni uzembe wake, ajitibie mwenyewe na nafasi yake tumpe mwingine." Upande wa pili ni mkewe, ambaye hakumwambia kitu chochote. Alimwekea chakula mezani, akamtazama akila, akatoa sahani. Toba ameishi na mwanamke yule muda wa kutosha kujua kwamba siku anapopiga kelele mambo si mabaya sana.

— Kwa hiyo nimekuja kwenu, akasema. — Ninyi ni watu wa kufikiri. Nisaidieni. Sababu ni nini?

Daktari akavuta gunia lake likae vizuri. Kipimo akashusha miguu chini. Jaji akamkabidhi Mama Birika kikombe kitupu bila kumtazama, kama mtu anayekabidhi faili.

— Tufuate utaratibu, akasema. — Shahidi ni wewe. Jibu unachoulizwa tu. Siku ya tukio, mtuhumiwa aliruka au hakuruka?

— Jaji, si mtuhumiwa. Ni shemeji yangu.

— Shemeji yako mtuhumiwa. Aliruka?

— Aliruka.

Hapa inafaa mtu aelewe. Katika kiwanda kile kila mtu huruka. Meza za kukatia sabuni ziko upande huu, stoo iko upande ule, na mfereji uko katikati, mpana kidogo kupita hatua ya mtu wa kawaida. Wakataji wanaruka, wabebaji wanaruka, mama anayefagia anaruka na ufagio wake. Bosi mwenyewe huruka, mkono mmoja umeshika tai isije ikampiga usoni. Na anayewafundisha ni Toba. Mfanyakazi mpya akifika, kabla hajaonyeshwa choo, huonyeshwa mruko: mzigo kifuani, mguu wa kulia mbele, macho mbele, usiangalie chini. Toba hulisema jambo hilo kwa upole, kama mtu anayefundisha sala, na wengi hulishika siku hiyo hiyo. Wasiolishika huambiwa waende wakajaribu nyumbani, kati ya kitanda na ukuta.

— Aliruka akafika? akauliza Jaji.

— Angefika si angekuwa kazini?

— Jibu unachoulizwa.

— Hakufika.

— Basi sababu ni hiyo. Hakufika. Kesi imekwisha. Mama Birika, niongeze.

— Jaji, akasema Toba, nikimwambia bosi hakufika, ataniuliza kwa nini hakufika.

— Huyo bosi wako anapenda ugomvi.

— Hakufika kwa sababu ya suruali, akasema Kipimo.

Wote wakamgeukia. Kipimo alikuwa amekwisha kuvua utepe shingoni.

— Sare zenu za kiwandani alizishona nani?

— Tulizinunua zimeshonwa.

— Umesema mwenyewe. Zimeshonwa na mtu asiyewajua. Mtu anakata suruali mia kwa mkasi mmoja, hajawahi kumwona mvaaji akikaa, hajamwona akiruka. Mapajani inabana. Sasa mtu anataka kwenda mbele, suruali inamwambia ngoja kwanza. Simama, Toba.

— Nisimame?

— Simama, tanua miguu.

Toba akasimama, akatanua miguu hadharani, huku akimwomba Mungu asipite mtu wa dhehebu lake. Kipimo akampima mguu wa kulia, akampima wa kushoto, akapima tena wa kulia, uso wake ukabadilika.

— Unajua mguu wako wa kushoto ni mfupi?

— Mungu wangu! Tangu lini?

— Usiogope, ni watu wote. Mimi nimepima miguu ya watu mpaka nimechoka. Hakuna binadamu mwenye miguu sawa. Mungu alimaliza mmoja, akaitwa kwenye shughuli nyingine.

— Usimsingizie Mungu, akasema Toba haraka.

— Basi mimi ndiye niliyepima vibaya watu wote. Ninachosema ni hiki: ninyi mnaruka na mguu wa kulia mbele. Mguu wa kusukuma ni wa kushoto, nao ni mfupi. Mnasukumwa na mguu mfupi, suruali imewabana. Mimi nashangaa hata hao wengine wanafikaje.

Daktari alikuwa anacheka kwa pua, ile namna yake ya kumwonea mtu huruma.

— Fundi, wewe unapima kuanzia kiunoni kushuka chini. Tatizo liko juu.

— Juu wapi?

— Kichwani. Mimi nashika vichwa vya watu kutwa nzima. Kichwa cha asubuhi ni chepesi. Mpaka saa za mchana kimeshakuwa kizito, unakisikia kabisa mkononi. Mawazo yanajaa.

— Yeye alianguka asubuhi, akasema Toba.

— Asubuhi kabla ya chai au baada ya chai?

— Baada ya chai.

— Kumbe! Chai imepanda.

— Chai huwa inashuka, akasema Mama Birika. Lilikuwa neno lake la kwanza jioni ile, na Daktari akalipa muda lipite.

— Inashuka kwanza, Mama, halafu inapanda. Unafikiri jasho la usoni linatoka wapi?

Jaji akagonga kikombe kwenye bamba mara mbili, likalia ngo, ngo.

— Baraza lisikilize. Kijana huyu ana mchumba?

Toba akasita. — Anaye. Posa imepelekwa juzi juzi.

— Imekubaliwa?

— Wamesema watajibu.

— Hebu niambieni, akasema Jaji, akiwatazama mmoja mmoja. — Mtu kapeleka posa, jibu hajapata. Mwili unabeba sabuni, moyo uko kwa akina fulani umekaa sebuleni unasubiri. Unamwambia mtu huyo aruke. Ataruka nani? Umeruka mwili peke yake. Mwili bila moyo hauruki mbali. Mimi mwenyewe nilipokuwa nasubiri jibu la huyu bibi wa nyumbani, nilipeleka jalada la kesi ya wizi kwenye ofisi ya maji.

— Kwa hiyo nimwambie bosi sababu ni mapenzi?

— Mwambie sababu ni kuchelewa kwa jibu. Wakwe ndio wa kulaumiwa. Waitwe, wahojiwe.

— Wakwe watarudisha posa, Jaji!

— Hilo ni la mahakama nyingine.

Toba akashika kichwa. Alikuwa mtu wa kupenda kuelewa, na ilimuuma kwamba kila jambo alilolisikia lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Suruali kweli inabana. Posa kweli haijajibiwa. Chai kweli kijana alikunywa, tena vikombe viwili. Lakini alipojaribu kuyaweka mbele ya uso wa bosi, yote yaliyeyuka, likabaki neno moja tu, uzembe, nalo lilikuwa jepesi kulisema. Akajiona analisema. Akajiona anarudi nyumbani na kuwekewa chakula.

— Tujaribu, akasema Kipimo. — Maneno ni mengi. Tuchore.

Akachukua kaa lililozimika kando ya jiko la Mama Birika, akapiga magoti, akachora mistari miwili juu ya saruji ya mbele ya duka. Toba akamwelekeza: panua kidogo, hapo, sasa ndio mfereji wenyewe. Wapita njia wawili wakasimama kutazama. Mama Birika akasogeza birika lake mbali na mistari.

Aliruka Kipimo kwanza, akafika, akasema ni kwa sababu suruali ameshona mwenyewe. Akaruka Daktari, akafika akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili ili kisijae. Jaji hakutaka kuruka, akasema hakimu haruki. Wakamtania, akaruka. Kisigino kikaangukia ndani ya mstari.

— Umevunjika mguu! wakapiga kelele.

— Nilisukumwa.

— Na nani?

— Jina limehifadhiwa.

— Sababu yako ni uzee, akasema Daktari.

— Sababu yangu ni kwamba sikuwa tayari, nilikuwa bado nazungumza. Mtu huwezi kuambiwa ruka wakati sentensi hujaimaliza.

Toba akaruka wa mwisho, mzigo wa kufikirika kifuani, mguu wa kulia mbele, macho mbele. Akatua laini kama paka upande wa pili. Mmoja wa wapita njia akapiga makofi. Toba, Mungu amsamehe, akaona fahari kidogo moyoni.

Hapo ndipo Daktari alipotulia, akatazama angani, akatazama barabara, akauliza kwa sauti ya chini:

— Stoo yenu iko upande gani?

— Upande wa kule, akaonyesha Toba. — Jua linakotokea.

— Mashariki.

— Mashariki, ndiyo.

— Jamani. Daktari akakaa. — Nipeni kahawa.

— Umeona nini?

— Dunia inazunguka, sivyo? Hili si langu, hili tulifundishwa shuleni wote. Inazunguka kwenda wapi?

Wakatazamana.

— Inakwenda mashariki, akasema Daktari. — Sasa wewe upo chini, unakwenda nayo, hakuna neno. Ukiruka umeiachia. Uko hewani, huna chombo. Yenyewe haisimami kukungoja. Ule ukingo wa pili wa mfereji unakukimbia! Unaruka kuufuata, nao unaondoka.

Gari likapita. Kipimo akautazama utepe wake kana kwamba umemficha jambo siku zote.

— Na wanaorudi? akauliza Jaji polepole. — Wanaotoka stoo kuja huku?

— Hao ukingo unawajia wenyewe. Wanafika hata kabla hawajakusudia. Toba, sema ukweli wako mbele ya Mungu. Umewahi kumwona mtu akianguka wakati wa kurudi?

Toba akafikiri. Akawapitisha wafanyakazi wote mbele ya macho yake, wakirudi kutoka stoo mikono mitupu, wanaruka wanacheka, wengine wanaruka huku wakifunga kilemba. Hakumkumbuka hata mmoja aliyeanguka.

— Hapana, akasema. — Kwa kweli hapana.

— Basi kesho mwambie bosi wako, ni dunia.

Na Toba, aliyekuwa na usingizi wa jana na woga wa kesho, akaanza kuipenda. Dunia haifukuzwi kazi. Haina mke wala dada. Haijulikani nyumbani kwake ni wapi ili ikaombwe fidia. Alikuwa akitafuta namna ya kuianza sentensi, "Bosi, kwa heshima na taadhima, kule tunakoelekea na sabuni," ndipo akamwona mwanamke mtu mzima anavuka barabara, kanga mbili, kikapu mkononi, anatembea kwa hatua za mtu aliyekaa kwenye kiti cha hospitali tangu alfajiri.

Akasimama kama aliyechomwa.

— Jamani, mama mkwe.

Kijiwe kizima kikabadilika. Kipimo akafuta mistari ya makaa kwa kiatu. Daktari akafunga kifungo cha shati. Jaji akashusha mguu mmoja kutoka juu ya mwingine, jambo ambalo mahakamani hawakuwahi kumwambia alifanye.

— Shikamoo, Mama, akasema Toba, ameinamisha kichwa.

— Marahaba, baba. Nimefika nyumbani nikaambiwa uko huku.

— Ni kweli, Mama. Nisamehe. Nilikuwa nakuja sasa hivi. Karibu, karibu ukae.

Kipimo akakunja gunia mara mbili kulifanya nene, akalitandika katikati ya bamba, mahali pa heshima. Mama mkwe akakaa, akashusha kikapu. Mama Birika akampa kikombe bila kuulizwa. Wanaume wakabaki wamesimama wakiwa wamepanga mstari, kama watoto waliovunja kitu.

— Mgonjwa umemwachaje, Mama?

— Amelala. Maumivu yamepungua. Mama mkwe akanywa kahawa kidogo. — Amenituma kwako.

Toba akasogea karibu.

— Amesema nikuombee radhi.

— Mimi? Radhi ya nini?

— Anasema umemfundisha vizuri, yeye ndiye aliyekuaibisha kazini. Mzigo ulikuwa kifuani, mguu wa kulia ulikuwa mbele, hakuangalia chini. Anasema aliruka kama ulivyomfundisha, ila mguu haukufika. Anauliza, utamwambia bosi kwamba alijitahidi?

Toba akafungua mdomo. Akatafuta "Mungu anisamehe", neno ambalo halijawahi kukawia kumjia maisha yake yote, akalikosa.

— Alijitahidi, Mama, akasema Jaji kwa niaba ya baraza. — Tumelichunguza jambo hili kwa marefu na mapana. Kuna upande wa mavazi, kuna upande wa afya, na kuna upande wa dunia kwa jumla.

— Ahsante, baba. Mimi sikusoma. Akageuka tena kwa mkwewe. — Ila kuna kitu nimejiuliza nikiwa njiani. Huo mfereji mnaouruka. Ulichimbwa hivyo hivyo, wazi? Haukuwekewa mfuniko?

— Uliwekewa, Mama, akasema Toba.

— Wa mbao?

— Wa chuma.

— Basi uko wapi?

Kipimo akautazama ukuta wa duka lake. Daktari akajikuna shingo ambayo haikuwa ikimwasha. Mama Birika akainua birika, akalitikisa, akalirudisha.

— Kahawa imekwisha, akasema. Hakuna aliyekuwa ameomba.

Mama mkwe alibaki akimngoja Toba, kwa uso mtulivu, kikombe mkononi, amekaa sawasawa katikati ya jibu.

Maana Toba aliukumbuka mfuniko. Hakuwa ameusahau, alikuwa anaukalia tu, na mtu akikalia kitu kila jioni huacha kukiona. Ulitolewa siku ya kusafisha mfereji, mwaka ule wa mvua nyingi. Ulikuwa na utando wa sabuni, yeye ndiye aliyesema ubebwe nje ukauke juani. Ukaegeshwa hapa, ng'ambo ya barabara, kwa kuwa jua la upande huu ni kali. Jaji akapita amechoka, akaukalia. Kipimo akaleta mawe ili Jaji asikae chini mno. Mama Birika akasogeza jiko. Kesho yake Toba akaja na vijana wa kuuchukua, akakuta watu wamekaa, wanacheka, wakampa kikombe, naye akaona ni ukosefu wa adabu kuwainua wazee. Akawaambia vijana, tutauchukua kesho. Wale vijana wakarudi kiwandani, wakafika kwenye mfereji, wakaruka.

— Mama, akasema. — Samahani sana. Naomba usimame kidogo.

— Kuna nini?

— Umekalia... Hapana, sisi ndio tuliokalia. Wewe umekaribishwa tu.

Mama mkwe akasimama. Akaliondoa gunia mwenyewe. Akaviangalia vile vinundu, akapitisha kiganja juu yake, akatia vidole kwenye tundu la pembeni kuona ni la nini, akavitoa. Kwa muda mrefu hakusema kitu. Toba akaona sasa mkewe amezaliwa na nani.

— Hivi vinundu ni vya kuzuia mtu asiteleze, akasema hatimaye.

— Ndiyo, Mama.

— Vizuri.

Kipimo, kwa kukosa la kufanya, akanyoosha utepe juu ya bamba, kwa upana, akasoma, akaukunja taratibu.

— Ni wenyewe, akasema.

— Mimi naona tuahirishe, akasema Jaji. — Jioni imeingia, chuma ni kizito, na mimi mgongo wangu mnaujua. Tuuchukue kesho.

Neno hilo likakaa hapo mbele yao. Hata Jaji alilisikia, akakohoa.

— Fanyeni tu, wanangu, akasema mama mkwe. Akachukua kikapu chake, akasogea akasimama kando ya jiko lililozimika. — Mimi nitasubiri.

Wakainama, kila mtu pembe yake. Mawe yakalia, bamba likainuka, chini yake wakaonekana mende, vizibo vya chupa, na kijiko ambacho Mama Birika alimwekea Daktari kinyongo kwa sababu yake muda mrefu. Mama Birika akakiokota, akakifuta. Daktari akasema, "Nilikwambia." Wakaingia barabarani wanne, magari yakiwasubiri, Jaji akihema na kulalamika kwamba tarishi hajawahi kubeba kizibiti kizito namna hii.

— Na sisi tutakaa wapi? akauliza katikati ya barabara.



Mlinzi wa lango akawasimamisha.

— Mnaingiza nini saa hizi?

— Sababu, akasema Toba. — Bosi aliniambia nimletee.

— Si alisema kesho asubuhi? Nilimsikia.

— Ni nzito. Tumeona tuanze leo.

Mlinzi akafikiri, akafungua. Ndani mashine zilikuwa kimya, harufu ya sabuni imetanda, na kando ya mfereji bado kulikuwa na kandambili moja ya kijana, imegeuka tumbo juu. Toba akaiokota akaitia mfukoni. Wakaliteremsha bamba, upande huu kwanza, kisha upande ule. Likagoma kidogo, Kipimo akalipiga teke, likaingia mahali pake, likalia ngo, likatulia. Walipolikanyaga pembeni halikutikisika.

Wakasimama kulitazama. Palikuwa sakafu. Ungesema hapajawahi kuwa na kitu.

— Sasa kesho utamwambiaje? akauliza Daktari. — Maana atasema ni wewe uliyefundisha watu kuruka.

— Ni kweli ni mimi. Nitamwambia. Kisha nitamwomba apite hapa kwenda stoo.

— Na tai yake?

— Asiishike.

Jaji akasema hukumu haisomwi kabla ya ushahidi kujaribiwa, kwa hiyo mmoja apite. Toba akasema atapita yeye. Akarudi hadi kwenye meza za kukatia, akavuta pumzi, akaja kwa mwendo wake wa kila siku, na alipofika kwenye bamba mguu wa kulia ukatangulia wenyewe hewani, akaruka, akatua upande wa pili laini kama paka.

Hakuna aliyecheka.

— Mungu anisamehe, akasema Toba. Akazunguka, akarudi mwanzo, akaanza upya, hatua kwa hatua, akiangalia chini.